Maelezo ya Zana Iitwayo Toa

Mara ya kwanza niliandika hivi:
*Toa. Hutoa mzigo.*
Maneno matatu. Nikajiona fundi.
Nikafunga kompyuta, nikaenda Barabara ya Nane kula mishikaki.

Jioni ile wakala wetu wa akili mnemba,
asiyelala, asiyesinzia, asiyeuliza,
alipokea ujumbe wa mteja wa Korogwe:
"Toeni marobota arobaini kesho saa mbili."
Akaisoma zana yangu. Yeye husoma kila kitu,
hata nisichoandika hukisoma,
kwa kukibuni.

Akatoa arobaini kama mtoto wa darasa la pili:
mia na kumi, toa arobaini, sabini.
Marobota yenyewe yakabaki palepale Pongwe,
meupe, mazito, hayajui kwamba hayapo.
Kisha akamwita dereva saa mbili ya kizungu,
yaani saa nane ya usiku wetu.

Semkiwa alisimama langoni na lori lake, na mbu,
akapiga honi mpaka taa za majirani zikawaka.

Asubuhi Bi Mwanamgeni wa stoo hakunigombeza.
Kalamu sikioni, daftari la jalada gumu mkononi, aliuliza:
"Hiyo toa yako ni toa ipi?
Toa sadaka? Toa jino? Toa nje? Toa ya hesabu?
Mimi nikimwambia Mhina *toa*, anatazama mkono wangu.
Huyo wako anauona mkono?"

Hauoni.
Haoni kidevu kinachoelekeza,
haoni lori lililogeuzwa nyuma mlangoni,
hajui kwamba Ijumaa adhuhuri stoo hufungwa.
Ana maneno yangu, basi.

Husemwa mjumbe hauawi.
Haikusemwa afanywe nini aliyemtuma
na nusu ya ujumbe, nusu akabaki nayo kinywani.

Usiku, nyumbani Makorora, mimi hutunga mashairi.
Huko neno lenye maana tatu ni mali.
Hapa ni deni,
na aliyelilipa ni Semkiwa, kwa damu, kwa mbu.

Nikakaa kwenye meza ya stoo siku mbili,
vumbi la mkonge likiniwasha shingoni, nikaandika:

*toa_marobota_stoo.*
*Itumie mzigo unapoondoka Pongwe kwa lori,*
*ukiwa umepimwa na kulipiwa.*
*Hupunguza hesabu lori likishapita lango, si kabla.*
*Usiitumie kusahihisha hesabu iliyokosewa;*
*kwa hilo iko rekebisha_hesabu.*
*Idadi: marobota mazima, yasizidi yaliyopo.*
*Mteja akisema "saa mbili", muulize: asubuhi au usiku?*
*Usikisie.*
*Ikishindikana, sema imeshindikana, na sababu. Usinyamaze.*

Nilikuwa nimeweka pia "kwa ufanisi mkubwa".
Nikalifuta. Halikuwa likimwambia mtu chochote.

Bi Mwanamgeni akasoma, kidole kikifuata mstari,
kikakwama kwenye *mazima*.
"Na yaliyopasuka?"

Sikujua kama yapo yaliyopasuka.
Miezi saba naandika habari za stoo
ambayo sikuwahi kuifika mwisho.
Akanipeleka nyuma, kona ya giza,
marobota matatu yamefumuka kama nywele za aliyeamka homani.
"Haya daftari langu linayaita wagonjwa.
Hayauzwi, hayahesabiwi, hayatupwi."

Nikarudi, nikaongeza mstari mmoja.

Jumanne Semkiwa alifika, lori limeoshwa,
akanionyesha simu kabla hajanisalimu:
"Njoo saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshatoka."

Hilo la jua
sikuliandika mimi.